Alichosema Mama wa Matofali

Nekesa,

Sitakuuliza kama u mzima, kwa sababu asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni, na mtu mgonjwa hawezi kupiga kelele namna ile. Mimi pia ni mzima kwa kiasi changu. Miguu imevimba kama jana, pumzi ni fupi kama jana, na chai imekuja bila sukari kama jana. Daktari zamani alikuwa akiniaga kwa kusema, “Mzee, tukutane tarehe fulani.” Siku hizi anasema tu, “Tutaonana.” Nimefundisha miaka thelathini na moja, najua mtu anapokwepa kutaja tarehe.

Umekwenda kusukwa. Umesema utarudi saa kumi, lakini umesema pia unataka zile nyembamba, nami nimeishi na mama yako na kisha na wewe, kwa hiyo najua nyembamba maana yake ni nini. Nina mchana mzima. Binamu yako Nafula, ambaye kuanzia kesho ndiye atakuwa macho na miguu yangu, nimemtuma sokoni akanunue vitu ambavyo hatuvihitaji, ili nibaki peke yangu na karatasi.

Barua hii haina maagizo ya safari yako ya India. Pasipoti, maji ya kunywa, sweta ya ndegeni, wanaume wa kuogopa: hayo yote shangazi zako wamekwisha kukuandikia kwenye kundi la ukoo, tena kwa herufi kubwa. Mimi nataka kukuandikia kuhusu filamu. Usicheke. Ndani ya filamu mojawapo nimeficha jambo nililokutendea, nami nimelibeba miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeamua kulibeba mpaka mwisho, na mwisho wenyewe hauko mbali. Lakini Jumapili iliyopita ulikuja ukaketi kwenye mkono wa kiti changu, ukapandisha shati, ukanionyesha mahali, hapo ndani ya kigasha cha kushoto.

“Baba, nimeamua. Nikifika tu Pune, nachora tatuu. Ile sentensi ya mama wa matofali. Na maandishi yao.”

“Utaipata wapi sentensi hiyo?”

“Si niko na filamu kwa simu? Nitamchezea mchoraji hiyo sehemu, aandike vile anasikia. Sitaki tafsiri. Nataka maneno yake mwenyewe.”

Nikakohoa. Ulifikiri ni kifua, ukakimbia kuniletea maji.

Mwanangu, usichore. Sina ugomvi na tatuu, mkono ni wako. Ila maneno yale siyo. Nitafika huko, lakini niache nianzie mbali, maana mwalimu hawezi kuanza somo katikati.

Unaikumbuka ile ploti yetu ya Riruta, vyumba kumi vikitazamana na bomba moja la maji katikati. Sisi peke yetu ndio tulikuwa na mashine ya video. Watu walidhani niliinunua mimi kwa sababu napenda filamu. Aliyeitaka alikuwa mama yako, na wala hakuitaka kwa ajili ya filamu. Rael alikuwa fundi cherehani, na katika filamu za Kihindi alikuwa amegundua shule ya ushonaji isiyo na karo. Watu wengine wakilia kwa sababu mapenzi yamevunjika, yeye yuko magotini mbele ya televisheni.

“Simamisha! Rudisha kidogo. Kidogo, Mwalimu, si hadi mwanzo! Hapo. Ona ule mkono wa blauzi, umekatwa mara mbili.”

“Rael, mtu anakufa hapo.”

“Na afe. Mimi nahesabu vifungo.”

Kuna kanda ambayo iliharibika mahali pamoja tu, palipokuwa na blauzi ya manjano. Na kuna akina mama matajiri wa Lavington na Kitisuru waliovaa mikono ile harusini, wakiulizwa wanasema imetoka ng’ambo. Mama yako akirudi kutoka kupeleka nguo huko alikuwa akinieleza hayo huku amejishika mbavu kwa kicheko.

Majirani wakaanza kuja Jumamosi mchana. Otieno, yule fundi wa viatu wa chumba cha pili, alikuwa wa kwanza, akifuatwa na Mama Kevo na beseni lake la karanga. Jumamosi ya kwanza hiyo, msichana kwenye filamu alisimama juu ya paa akazungumza kwa muda mrefu huku akilia, na Otieno akanigeukia.

“Mwalimu, huyu anasema nini?”

Chumba kizima kikanigeukia. Nilipokuwa kijana niliwahi kufanya kazi miezi mitatu katika duka la Mhindi mmoja katikati ya mji, tukiuza vifaa vya ujenzi. Nilijua kuhesabu hadi ishirini, nilijua njoo, nilijua nenda, nilijua misumari. Hilo ndilo lilikuwa darasa langu lote la Kihindi, na baadaye niligundua kwamba hata hicho kilikuwa Kigujarati.

Mtu mwingine angesema hajui. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, na miaka ile hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mwalimu anaruhusiwa kusema hajui mbele ya watu. Ningelijua hilo mapema, ningekuwa mtu mwepesi zaidi maishani. Nikakohoa kidogo, nikasema, “Anasema baba yake amemwahidi kwa mwanamume mwingine.”

“Aii!” akasema Mama Kevo. “Nilijua tu. Ona macho ya huyo baba.”

Baada ya hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Kila Jumamosi niliketi kwenye kigoda kando ya televisheni, nikawa baba, nikawa mama, nikawa polisi na jambazi. Nilinogewa, Nekesa. Darasani wanafunzi walikuwa wakisinzia nikieleza mito ya Afrika. Pale watu wazima walikuwa wakishika vichwa kwa sababu ya maneno yangu. Rael alijua. Usiku wa kwanza tu, tukiwa tunakunja mkeka, aliniuliza, “Kwani misumari kwa Kihindi inaitwaje?” Nikamwambia. Akacheka, na hakunitaja kwa mtu yeyote mpaka alipokufa.

Shida ilikuja kwa kurudia. Kanda zetu zilikuwa saba tu, na watu walitaka kuziona tena na tena. Majina yake halisi hatukuyajua, kwa hiyo tulizipa yetu: Ile ya Gari Jekundu, Ile ya Mapacha na Mbuzi, Ile ya Matofali. Mimi sikuwa nikikumbuka nilichosema mwezi uliopita.

“Mwalimu, ngoja,” Mama Kevo angesema. “Wiki iliyopita huyu alikuwa shangazi. Leo amekuwa mama mkwe?”

“Wiki iliyopita sauti ilikuwa chini.”

“Na huyu si ndiye alikuwa muuaji? Mbona leo ni daktari?”

“Mama Kevo, wacha mzee aendelee,” Otieno angemkata. “Kwani wewe ulilipa tiketi?”

Watu huuliza ni vipi mtu anaweza kuiona filamu moja mara ishirini. Sisi tuliweza kwa urahisi kwa sababu kila mara ilikuwa nyingine. Ukafikisha miaka kumi na minne, kanda zikiwa zimeshakuwa vitu vya zamani, ukanitazama siku moja ukasema, “Baba, mbona kila mara anasema tofauti lakini midomo inaenda vilevile?” Nikakujibu kwamba Kihindi ni lugha tajiri. Sijui kama uliniamini au ulinihurumia. Nafikiri ulianza kunishuku siku hiyo katika yote isipokuwa sentensi moja, na hiyo moja ndiyo inayonifanya niandike.

Lakini kabla ya hapo, niache nikusifie zile filamu kidogo, maana sitapata nafasi tena, na kitu nilichokipenda sana nisingependa ukijue kwa ubaya wake peke yake.

Kurudia filamu kuna faida ambayo sikuiona mpaka nilipozeeka. Mara ya kwanza unamtazama shujaa, kwa sababu hujui kama atapona. Mara ya tatu umeshajua atapona, kwa hiyo macho yanakuwa huru kutembea. Katika Ile ya Gari Jekundu, wakati wa ule ugomvi mkubwa sokoni, meza zikiruka na kuku wakiruka, kuna mzee nyuma kabisa anayemenya miwa. Haachi. Watu wanapigwa mbele yake naye anamenya, anakata, anapanga. Nilimwona mara ya tano au ya sita, na tangu siku hiyo sikumwona shujaa tena. Mpaka leo nikifunga macho namwona yule mzee kuliko nyota yeyote. Huenda hakuambiwa kwamba kamera inamfikia.

Nimekuwa nikifanya hivyo pia na maisha yangu mwenyewe, hapa kwenye kiti, tangu miguu ikatae kazi. Narudia siku zilezile, na kila mara naona mtu aliyekuwa nyuma. Nilidhani miaka yangu mizuri ilikuwa ile ya kupandishwa cheo. Nikiirudia, naona Otieno akija mlangoni Jumamosi asubuhi, saa sita nzima kabla ya filamu kuanza, kuuliza kama umeme upo. Naona mama yako akipita na tepu shingoni. Mambo niliyodhani ni ya nyuma ndiyo yaliyokuwa filamu yenyewe. Basi, nisihubiri.

Sasa Ile ya Matofali.

Unaijua kuliko mimi, lakini nitaieleza nilivyoiona. Kuna mama anayebeba matofali kwenye tanuru, na ana binti mmoja. Binti anataka kwenda kwenye maonyesho na wenzake, mama anakataa, binti anampigia kelele na kukimbia. Siku hiyohiyo mama anaugua. Binti anarudi, anasimama mlangoni, haingii. Mama amelala kwenye kitanda cha kamba. Anainua kichwa, ananyoosha mkono, anasema sentensi moja fupi. Binti anageuka na kukimbia nje, kisha tunaona moshi na sufuria. Filamu inaendelea, lakini wewe hukuwahi kuitazama zaidi ya hapo.

Mama yako alipokuwa hai, sentensi ile niliifasiri kila namna. Siku moja mama yule alisema ni wapi alipozika bangili za dhahabu. Hiyo Otieno aliipenda mno, akataka niirudie. Siku nyingine alimwambia binti aolewe na mtu wa reli. Na ile sufuria nilieleza kwamba ni ishara ya huzuni, kwamba Wahindi huonyesha huzuni kwa moshi. Rael peke yake alipinga. “Huzuni gani?” akasema, sindano mdomoni. “Huyu mama ana kitu motoni, na hakuna anayekiangalia.”

Ulikuwa darasa la nne alipoenda hospitali. Tuliambiwa ni upasuaji mdogo, siku tatu. Lakini siku hizo tatu zilikuwa na siku ya wazazi shuleni kwenu, na ulikuwa na shairi la kukariri, na alikuwa amekushonea gauni. Unakumbuka uliyosema, kwa hiyo sitayaandika yote. Ulisema, “Basi nenda! Kaa hukohuko!” ukaufunga mlango wa chumba kwa nguvu hadi kalenda ikaanguka. Gari la jirani lilikuwa linangoja. Akaenda. Siku tatu zikawa tano, na siku ya tano, Alhamisi, akafa.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi, majirani wakiwa bado wanaona haya kuja, uliniletea ile kanda mkononi. “Baba, tuone hii.” Tukakaa wawili kwenye mkeka. Ilipofika pale mlangoni, uliacha kupumua. Nilikusikia ukiacha. Kisha ukaniuliza kwa sauti ndogo, “Anamwambia nini?”

Nikasema, “Anamwambia, nilishakusamehe kabla hujafunga mlango.”

Hukulia. Ukasema, “Rudisha.” Nikarudisha. Tuliiona sehemu ile mara tisa siku ile, na kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka. Filamu nyingine zote ziliendelea kubadilika kwa sababu ya ujinga wangu, lakini sentensi ile haikubadilika hata herufi moja. Ukaanza kula. Ukaanza kulala taa ikiwa imezimwa. Picha ya yule mwigizaji uliikata kwenye gazeti ukaibandika juu ya kitanda, na mimi nilikuwa nikimwona kila asubuhi nikija kukuamsha, akinitazama kama mtu anayejua.

Mwaka mmoja hivi baada ya hapo kanda ilikatika. Nikaipeleka mjini kwa Bwana Abdalla, yule mtu wa Mombasa aliyekuwa na duka la kanda karibu na msikiti, aliyekuwa akiziunganisha kwa gundi na subira. Alikulia mtaa mmoja na Wahindi, Kihindi akikisema kama chake. Alipomaliza akaiweka kwenye mashine kuijaribu, na kwa bahati ikaangukia palepale. Nikamwambia, kama mtu anayetaka kusifiwa, kwamba hapo mama anamsamehe binti yake.

Abdalla akanitazama. “Nani kasamehe?”

“Huyo mama.”

“Ewe Mwalimu, huyu bi hasemi hayo hata chembe. Amwambia mwanawe kaepue maziwa, yafurika!”

“Maziwa?”

“Maziwa, ndugu yangu. Yako motoni. Huoni yule mtoto akimbiavyo jikoni? Huoni sufuria ile?” Akaketi, kwa sababu alikuwa hawezi tena kusimama kwa kicheko. “Kasamehe! La ilaha! Wafundisha shule gani wewe?”

Kwa hiyo, mwanangu, sasa unajua nilikohoa kwa nini Jumapili. Niliuona akilini mkono wako katika hospitali moja ya Pune utakapokuwa kazini, umemshika mgonjwa anayejifunza kutembea upya, naye anasoma: kaepue maziwa. Nimecheka peke yangu siku nne. Nafula anafikiri ni dawa.

Kama ingekuwa ni hilo tu, ningekuambia Jumapili ileile, tukacheka wote, ukachagua tatuu nyingine. Lakini najua ungeuliza swali la pili. Kama maneno hayakuwa yake, Baba, uliyatoa wapi?

Hapa ndipo niliposimamisha kalamu, nikanywa maji, nikaenda dirishani na kurudi. Safari hiyo ya hatua sita imenichukua muda wa kutosha.

Yalikuwa ya mama yako. Aliyasema Jumatano, siku moja kabla ya kufa, mimi nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake. Nilimwambia hukutaka kula, kwamba kila jioni unaketi nyuma ya mlango ule. Akasema niyalete kwako hayo maneno. Kisha akasema, “Hapana, nitamwambia mwenyewe. Kesho mlete.” Muuguzi alikuwa pale, akasema sawa, mtoto aletwe asubuhi.

Nami nikasema, “Kesho ana mtihani wa hesabu. Nitamleta Ijumaa.”

Nimeliandika. Sasa limo kwenye karatasi, na limekuwa fupi kuliko nilivyofikiri.

Sikujua angekufa, hilo ni kweli, na nimelitumia miaka mingi kama mto wa kulalia. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na nikachagua mtihani wa muhula wa pili wa darasa la nne, kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu hatoi mtoto kwenye mtihani. Nilijivunia hilo. Niliwahi kumkatalia mzazi ruhusa kama hiyo na kumpa hotuba juu yake. Rael hakubishana. Alisema tu, “Sawa, Mwalimu.” Alikuwa akiniita hivyo kwa mapenzi; mara ile sijui ilikuwa kwa nini. Alhamisi saa nne asubuhi, ukiwa unapiga hesabu za kugawanya, akafa. Ulikuwa wa pili darasani. Ile karatasi ninayo.

Ndiyo maana sikuweza kukuletea maneno yake. Kukuambia alichosema kulikuwa ni kukuambia kwamba alikutaka uje, na kwamba aliyekuzuia ni mimi. Miezi miwili nilifungua kinywa na kukifunga. Kisha ukaja na kanda mkononi, na pale kwenye kioo palikuwa na mwanamke mwingine aliyelala kitandani, mwenye mkono ulionyooshwa, ambaye hakuwa na haja ya kueleza chochote kuhusu Jumatano. Nikamtwika yeye. Nilikupa maneno yako, lakini nilikupa kama masalio ya mtu usiyemjua. Miaka kumi na tisa umemshukuru mwigizaji, na mama yako amekaa nyuma ya picha akimenya miwa yake.

Nimejifunza nini? Ungeuliza hivyo kwa mzaha, najua, kwa sauti yangu ya darasani. Nimejifunza kwamba nilikuwa hodari sana wa kusema kwa niaba ya watu wengine. Nilimsemea polisi, jambazi, shangazi na mama mkwe. Lililokuwa langu lilipokuja, nikatafuta kinywa cha kuazima. Ukijikuta siku moja huko unasema jambo zito kwa kumtaja mtu mwingine, rafiki, kitabu au filamu, simama kidogo ujiulize. Sisemi uache. Mimi mwenyewe nisingeweza kuacha siku ile, na sentensi ile ilikusaidia kulala. Najuta Jumatano. Sentensi siijutii hata kidogo.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, kati ya zile sweta, uikute ukifika. Nimebadili nia nikiandika ukurasa huu. Kuificha ni ujanja uleule, safari hii nikiitwika karatasi. Nitakupa mkononi leo, ukirudi, kabla hata hujanionyesha nywele, na nitabaki kwenye kiti hiki wakati unasoma. Ukitaka kunikasirikia una jioni nzima ya kufanya hivyo uso kwa uso, nami sina pa kwenda. Ukitaka kuniuliza alikuwa amevaa nini, dirisha lilikuwa upande gani, alikunywa uji au alikataa, uliza. Nakumbuka vyote. Sijawahi kuulizwa na mtu.

Na kama baada ya hayo bado utataka kuchora, chora kwa Kiswahili, maana ndicho alichokitumia. Shangazi zako watapiga yowe. Waambie mimi nimekubali.

Limebaki moja. Nilichokuambia kwenye mkeka kilikuwa nusu tu ya aliyoyasema. Nusu ya pili niliitumia mimi, nikajipatia sifa. Juma lile baada ya mazishi nilikununulia viatu vya shule, namba kubwa kuliko vile vipya tulivyokuwa tumenunua Januari. Ulivaa, ukatembea navyo chumbani, ukaniuliza, “Baba, ulijuaje kama vile vingine vinanibana?” Nikakujibu kwamba baba huona. Sikuwa nimeona kitu.

Haya, yachukue kama alivyoyasema, Jumatano, saa za alasiri, akiwa ameshika kidole changu kimoja:

“Mwambie nilishamsamehe kabla hajafunga mlango. Na vile viatu vyake vyeusi vinambana, anaogopa kusema kwa sababu ni vipya. Mnunulie vingine.”

Ni hayo tu. Safari hii hakuna neno hata moja lililo langu.

Baba yako